Misuli ya miguu ikichoka, uvungu wa wayo hushuka

Alfajiri mpakani Busia, Namanga au Mutukula, wafanyabiashara huwa wamekwisha kupanga foleni. Hadi jioni watakuwa wamesimama, wametembea na kubeba mizigo. Ndipo wengi hulalamika kwamba viatu vinabana, ilhali ni vile vile vya asubuhi. Miguu huvimba, ndiyo, lakini sababu nyingine iko chini ya wayo.

Wayo una mifupa 26 iliyopangwa kama upinde, na upande wa ndani huacha uvungu usiogusa ardhi. Upinde huo hushikiliwa na utando mgumu wa chini ya wayo, na hubebwa na misuli midogo ya wayo na ule wa nyuma ya muundi. Misuli hiyo ikichoka, uvungu hushuka kwa milimita chache na wayo hurefuka kidogo. Ukipumzika, hupanda tena. Usipopumzika, mzigo huuelemea utando, na ndipo kisigino huanza kuuma asubuhi.

Uchovu huu hauchagui mwanamume wala mwanamke. Mpagazi mwenye gunia begani huuongezea upinde wake uzito kila hatua. Hata hivyo, viungo vya wanawake kwa kawaida hunyumbulika zaidi. Mimba nayo huongeza uzito na kulegeza viungo, na baadhi ya kina mama hubaki na nyayo zilizoshuka hata baada ya kujifungua. Ndiyo maana viatu vya zamani huenda visikutoshe tena.

Jipime mwenyewe. Lowesha wayo, kanyaga sakafu kavu asubuhi, kisha rudia jioni. Alama ya jioni ikiwa pana zaidi katikati, huenda misuli yako imechoka.

Foleni ikiwa ndefu, kaa hata dakika chache. Gawa mzigo uende mara mbili. Nunua viatu jioni, wayo ukiwa mpana, na uachane na ndala nyembamba siku za kazi. Nyumbani, simama kwa vidole mara kadhaa ili kuimarisha misuli.

Wayo mmoja ukishuka kuliko mwingine, kifundo kikivimba upande wa ndani, au ukishindwa kusimama kwa vidole vya mguu mmoja, nenda kituo cha afya mapema. Bidhaa ikiharibika utanunua nyingine; miguu haiuzwi upande wowote wa mpaka.