Chakula cha Wakimbiaji wa Milimani

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba chakula hufanya kazi tatu: hutupa nguvu, huujenga mwili, na huukinga na maradhi. Leo tutachunguza watu wanaohitaji nguvu nyingi mno kwa siku moja, nao ni wakimbiaji wa mbio ndefu za milimani. Tutatazama vyakula vyao, kisha tutajiuliza: je, ni chakula kinachowapa ushindi?

Mashindano ya Leadville

Leadville ni mji mdogo ulioko kwenye milima ya Rocky, katika jimbo la Colorado, nchini Marekani. Mwaka 1983 yalianzishwa huko mashindano ya kukimbia kiasi cha kilometa 160. Umbali huo ni kama kutoka Moshi hadi Arusha na kurudi, ila njia yake hupanda na kushuka milima. Mahali palipo juu kabisa pana kimo cha meta 3,800 hivi, karibu sawa na kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro. Huko hewa ni nyepesi. Kila pumzi huingiza mapafuni oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ipatikanayo pwani. Mkimbiaji hupewa saa 30 kuumaliza mwendo huo.

Mwaka 1992 walifika Leadville Watarahumara, ambao ni wakulima waishio katika milima na mabonde ya Chihuahua, nchini Meksiko. Hakuna hata mmoja wao aliyemaliza. Mwaka 1993 lilikuja kundi jingine, nao walivaa viatu vilivyokatwa katika matairi, kama katambuga zetu. Safari hii Victoriano Churro, mwenye umri wa miaka 55, alishika nafasi ya kwanza. Mwaka 1994 mwanamke wa Marekani, Ann Trason, aliongoza kwa sehemu kubwa ya njia. Hatimaye Juan Herrera, Mtarahumara, alimpita, akamaliza kwa saa 17 na dakika 30. Ann Trason alikuwa wa pili, kwa saa 18 na dakika 6.

Chakula cha Watarahumara

Chakula chao kikuu ni mahindi na maharage, pamoja na maboga na mboga za majani. Nyama huliwa mara chache. Safarini huchukua pinole, yaani unga wa mahindi yaliyokaangwa, ambao hukorogwa kwa maji na kunywewa. Wataalamu wa lishe walikichunguza chakula hicho, wakaeleza matokeo yao mwaka 1979. Waliona kwamba kina wanga mwingi, mafuta machache na protini ya kutosha.

Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na protini ya maharage peke yake ina upungufu mwingine. Zikiliwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Kwa hiyo mtu alaye ugali na maharage hupata protini iliyo bora kuliko mtu alaye ugali mtupu.

Kazi ya wanga

Jaribio: Chukua tonge dogo la ugali usio na mboga. Litafune kwa dakika tatu bila kumeza. Je, ladha yake imebadilika?

Utaona kwamba ugali umeanza kuwa na utamu kidogo. Sababu ni kwamba mate yameanza kuugeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyo huendelea katika utumbo, na sukari huingia katika damu. Sehemu ya sukari huwekwa akiba katika ini na misuli. Akiba hiyo ni ndogo, nayo yaweza kupungua sana baada ya saa chache za kukimbia kwa kasi. Ikipungua hivyo, miguu huwa mizito na mkimbiaji hulegea.

Mwili una akiba nyingine, yaani mafuta. Akiba hii ni kubwa sana, lakini hutoa nguvu polepole. Ndiyo maana mkimbiaji wa mbio ndefu hula njiani. Wakati wa kukimbia damu nyingi huenda kwenye misuli, na tumbo hupata damu kidogo. Kwa hiyo yafaa ale kidogo kidogo, mara nyingi.

Washindani wengine

Katika jimbo la California kuna mashindano ya Western States, ambayo pia ni ya kilometa 160 hivi. Scott Jurek aliyashinda mara saba mfululizo, tangu mwaka 1999 hadi 2005. Alikula vyakula vya mimea tu, bila nyama wala maziwa. Timothy Olson alishinda mwaka 2012 na 2013. Chakula chake cha kila siku kilikuwa na mafuta mengi na wanga kidogo, lakini wakati wa mbio hata yeye alitumia vyakula vya sukari.

Je, ni chakula kilichowapa ushindi? Tusikate shauri haraka. Watarahumara wa mwaka 1992 walitoka katika watu wale wale wa mahindi na maharage, lakini hawakumaliza. Mazoezi, kuijua njia, hali ya hewa na afya vilevile huleta tofauti. Ili kujua kazi ya kitu kimoja, ni lazima vitu vingine vyote viwe sawa. Tunaloweza kusema ni kwamba zipo njia nyingi za kula vizuri, lakini hakuna mkimbiaji awezaye kukwepa mahitaji ya mwili.

Maji na chumvi

Jasho huupoza mwili, lakini hutoa maji na chumvi. Mkimbiaji asiyekunywa hudhoofika. Hata hivyo, anayekunywa maji mengi kupita kiasi huipunguza nguvu ya chumvi iliyomo katika damu yake. Huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, na aweza hata kufa. Basi mkimbiaji hunywa anapoona kiu, na hula vyakula vyenye chumvi kiasi.

Zoezi

1. Taja akiba mbili za nguvu zilizomo mwilini. Ipi ni kubwa zaidi?
2. Kwa nini mahindi na maharage hufaa kuliwa pamoja?
3. Kwa nini mkimbiaji hali chakula kingi kwa mara moja?
4. Juma alikula ndizi asubuhi, akashinda mbio za shule. Alisema, "Ndizi ndizo zilizonipa ushindi." Je, ana hakika? Eleza jinsi mngeweza kulipima jambo hilo.
5. Andika vyakula vyote ulivyokula jana. Vipi vilikupa nguvu? Vipi viliujenga mwili wako?