Kabla ya Kumfokea Mhasibu, Chora Chati

Katika ofisi nyingi namba zimegeuzwa fimbo. Wiki hii malipo ya wazabuni yamechelewa, meneja anaitisha kikao na kufoka. Wiki ijayo yamewahi, anamwaga sifa. Mara nyingi hakuna kilichobadilika: watu ni walewale, utaratibu ni uleule, na namba zimepanda na kushuka kama ilivyo kawaida yake. Asiyejua kawaida hiyo ni ipi hawezi kuboresha kazi; atahangaisha watu tu.

Njia ya kuijua ina miaka zaidi ya mia. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia katika kampuni ya Western Electric ya Marekani, alimpelekea mkubwa wake dokezo fupi lenye mchoro ndani yake. Mchoro huo ndio ulioitwa baadaye chati ya udhibiti. Shewhart alisema mabadiliko ya namba ni ya aina mbili: yale yanayozaliwa na utaratibu wenyewe kila siku, na yale yanayoletwa na jambo maalumu. Kila aina ina dawa yake, na kuzichanganya ni hasara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara ya uhasibu imerekodi wastani wa siku za kulipa ankara kwa wiki kumi: 6, 8, 7, 5, 9, 7, 6, 8, 7, 7. Wastani wa zote ni siku 7. Sasa tafuta tofauti kati ya kila wiki na inayoifuata, bila kujali imepanda au imeshuka: 2, 1, 2, 4, 2, 1, 2, 1, 0. Jumla ni 15. Gawa kwa 9, unapata takriban 1.67. Zidisha kwa 2.66, kizidisho kisichobadilika katika chati ya aina hii, unapata kama 4.4. Jumlisha na 7, kisha toa kwenye 7: kikomo cha juu ni 11.4, cha chini 2.6.

Kumbe wiki ya siku 9 haikuwa na mkosaji, wala ya siku 5 haikuwa na shujaa. Zote zimo ndani ya vikomo. Lakini ikitokea wiki ya siku 13, hapo uliza mara moja: kumetokea nini? Pengine mfumo wa benki ulikwama, au mweka saini alisafiri bila kukaimisha. Vilevile wiki nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa wastani, kuna jambo limebadilika hata kama hakuna kikomo kilichovukwa.

Na kama siku 7 zenyewe ni nyingi mno? Kufoka hakutazipunguza, utaratibu ndio wa kubadilisha. Andaa karatasi ya vijiti, na kila ankara inayokwama iwekewe kijiti kwenye sababu yake: hati ya kuagiza mzigo (LPO) haipo, saini haijakamilika, hati ya kupokelea mzigo haijafika. Baada ya mwezi panga sababu kuanzia yenye vijiti vingi hadi yenye vichache. Hiyo ni chati ya Pareto. Mara nyingi sababu mbili au tatu hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Anza na hizo, kisha rudi kwenye chati ya udhibiti uone kama wastani umeshuka kweli.

Mwaka 1950 mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming alifundisha mbinu za chati ya udhibiti kwa wahandisi na wakuu wa makampuni nchini Japani, na mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo ya ubora yenye jina lake. Deming alisisitiza kwamba kasoro nyingi ni za mfumo, na mfumo ni dhamana ya uongozi. Alihimiza pia hofu iondolewe kazini. Sababu yake iko wazi: karani anayejua kila namba mbaya itamponza ataandika nzuri, na chati iliyojengwa juu ya uongo haimsaidii yeyote.

Huhitaji programu ya gharama. Chagua namba moja inayomgusa mteja, iandike kila wiki kwenye karatasi au Excel, na ufikishe wiki 20 ili vikomo viaminike. Chati ibandikwe ukutani mahali wafanyakazi wote wanapoiona. Wao ndio wanaojua kwa nini kazi inakwama, na wakiulizwa kwa heshima watasema.