Printa ya Stoo Inatoa Herufi za Ajabu? Kagua Poti ya Siriali kwa Ruta

Mteja amelipa kwa simu, ujumbe wa malipo umeingia kaunta, lakini printa ya stoo inatoa alama na herufi zisizosomeka. Kijana wa stoo hataki kutoa mifuko ya saruji bila risiti, na foleni inazidi kuwa ndefu. Wengi hukimbilia kulaumu mtandao. Mara nyingi shida ni mpangilio mdogo tu ndani ya ruta.

Printa nyingi za risiti, hasa za zamani kidogo, hazina mahali pa kuchomeka kebo ya mtandao. Zina poti ya siriali, ile pana yenye pini na skrubu mbili pembeni. Ruta zingine, kwa mfano Teltonika RUT955, zina poti kama hiyo, kwa hivyo zinapokea risiti kutoka kaunta na kuisukuma kwa printa. Ruta ya kawaida ya nyumbani haina hii kitu, usijisumbue kuitafuta.

Sasa, kwa siriali hakuna upande unaouliza mwingine "unasoma kasi gani?" Lazima wewe uzipange zifanane. Anza na printa. Izime, shikilia kitufe cha FEED, kisha uiwashe ukiwa bado umekishikilia. Printa nyingi zitatoa karatasi ya majaribio yenye mipangilio yake. Ingia kwa ruta, fungua ukurasa wa siriali, unakili vile vile palipoandikwa Baud rate, Data bits, Parity na Stop bits. Mpangilio unaopatikana sana ni 9600, 8, None na 1. Kasi zikitofautiana, ndio unaona zile herufi za ajabu.

Je, 9600 inatosha? Kwa maneno matupu, ndio. Kila herufi inachukua biti 10, yaani herufi 960 kwa sekunde. Risiti ya mistari 40 inafika kwa sekunde mbili hivi. Lakini ukiweka nembo ya duka yenye upana wa nukta 512 na urefu wa nukta 200, hiyo picha peke yake ni baiti 12,800, na itachukua zaidi ya sekunde 13. Kwa kasi ya 115200 ni sekunde moja na kitu. Kama printa yako haiwezi kasi hiyo, toa nembo. Kwa maoni yetu, mteja aliye kwa foleni hajali nembo.

Kuna tatizo lingine linalosumbua watu zaidi: risiti fupi zinatoka sawa, ndefu zinakosa mistari ya katikati. Hapo kasi iko sawa. Printa imejaa na haijaweza kuiambia ruta "ngoja kidogo". Angalia Flow control, na uhakikishe njia iliyochaguliwa kwa ruta ndiyo ile iliyo kwa karatasi ya majaribio. Kama ni ya RTS/CTS, kebo pia lazima iwe na waya hizo; kebo yenye waya tatu pekee haitasaidia.

Halafu kuna usalama, na hapa tafadhali usipite haraka. Ruta inasikiliza kupitia poti ya mtandao, mara nyingi 9100, na printa haina neno la siri. Chochote kinachofika kinachapishwa. Ukiacha poti hiyo wazi kwa intaneti, mtu yeyote anaweza kutuma risiti bandia, na itatoka kwa printa yako mwenyewe, kwa karatasi yako, mbele ya kijana wako wa stoo. Saruji inaondoka na hakuna shilingi iliyoingia. Ruhusu anwani ya IP ya kompyuta ya kaunta pekee, na kama kaunta iko tawi lingine, tumia VPN. Badilisha pia neno la siri la ruta lililokuja nayo. Na stoo wawe na namna ya kulinganisha nambari ya muamala na ujumbe wa malipo kabla ya kutoa mzigo.

Ukimaliza, jaribu na risiti ndefu, si fupi. Ikikataa bado, piga picha ya karatasi ya majaribio na ya ukurasa wa siriali, ukificha maneno ya siri, umwonyeshe fundi wako.