Tochi ya Kulinda Shamba: Ununue Dukani Voi, Supamaketi au Mtandaoni?

Mahindi yakianza kukomaa kule Sagalla, Ndii au Kasigau, usingizi hupungua. Ndovu wa Tsavo hawajali mpaka wa mbuga uko wapi, na usiku mmoja unatosha kumaliza kazi ya msimu mzima. Basi watu hutoa simu, wanalipia tochi kubwa, taa za sola, waya wa ua. Swali ni moja: ununue wapi, na ulipe vipi ili pesa yako isipotee?

Kwanza, habari ya bunduki

Ukiona tangazo kwamba bunduki "inatumwa kwa basi ukilipa nusu", usitume hata shilingi. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha (Sura ya 114) hairuhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, na kuna bodi maalum inayotoa leseni hizo. Bunduki halali hainunuliwi kwa ujumbe wa WhatsApp. Ndovu akiingia shambani, kaa mbali naye na uwapigie maafisa wa KWS. Tochi ni ya kukusaidia kuona mapema, si ya kumfuata mnyama gizani.

Duka la mtaani

Duka la vifaa au la agroveti pale Voi, Mwatate au Taveta mara nyingi huuza ghali kidogo. Lakini tochi unaishika. Mwambie mwenye duka aiwashe, uone mwanga unafika wapi, uulize betri ya akiba inapatikana. Ikizima baada ya siku tatu, unajua mlango wa kubisha. Isitoshe, mwenye duka amesikia kwa wateja wengine ni ipi inayodumu na ipi ya kuonekana tu.

Udhaifu wake? Mali ni chache, na wengine hawatoi risiti. Iombe, hata ya kuandikwa kwa mkono, yenye tarehe na muda wa garantii.

Supamaketi kubwa

Hapa bei imebandikwa na risiti ni ya mashine. Ila mhudumu huenda asijue tofauti ya tochi ya kusomea na ya kumulika shamba la ekari mbili. Soma garantii kabla ya kufika kwa keshia: wengine hubadilisha bidhaa kwa siku chache tu, tena kwa sharti boksi lake liwepo.

Mtandaoni

Tutenganishe mambo mawili. Kuna maduka ya mtandaoni yanayojulikana, kama Jumia na Kilimall, ambayo oda yako ina namba na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Halafu kuna muuzaji wa Facebook au TikTok mwenye picha nzuri na namba ya simu, basi. Huyo wa pili anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akinyamaza huna pa kumfuata.

Namba za kwenye tangazo pia zichunguze. Mfano ni zile betri za duara zinazoitwa 18650. Nzuri kabisa huwa na uwezo wa takriban mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, hiyo ni chumvi, na tochi itazima kabla alfajiri haijafika.

Kisha piga hesabu yote. Tuseme tochi mtandaoni ni Sh1,200 na usafirishaji Sh300, na Voi mjini ni Sh1,600. Tofauti ni Sh100. Ikiharibika, nauli ya kuirudisha Nairobi pekee itameza tofauti hiyo.

Kulipa bila kujuta

Kabla ya kuweka namba ya siri, fanya haya:

- Lipa kwa till au paybill ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka linaitwa hivi na till inasoma vingine, uliza kwanza.
- Kwa muuzaji usiyemjua, lipa bidhaa ikifika na ukishaiwasha. Akikataa kabisa, tafuta mwingine.
- Angalia alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali unaweza kuithibitisha kwa kutuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023.
- Usifute ujumbe wa malipo. Piga picha ya tangazo na mazungumzo yenu pia.

Mambo yakienda mrama

Hapa wengi huchanganya. Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu usiyemkusudia, labda ulikosea tarakimu moja. Hapo tupigie mara moja, kabla haijatolewa. Lakini ukimlipa uliyemkusudia, kisha akakuletea tochi mbovu, huo si muamala uliokosewa, ni mzozo wa bidhaa. Hatuwezi tu kuichomoa pesa kwenye akaunti yake kwa neno la upande mmoja.

Hiyo haimaanishi huna haki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamtaka anayeuza kwa intaneti akupe maelezo muhimu kabla hamjakubaliana. Mdai muuzaji kwa maandishi, ukiwa na risiti na ujumbe wa malipo. Ikiwa ni ulaghai, yaani alipokea akatoweka, piga ripoti polisi na utuarifu namba aliyotumia.

Kwa hiyo, wapi?

Kitu cha kutegemewa usiku, kama tochi au taa ya sola, kinunue mahali unapoweza kukijaribu na kukirudisha. Kwa wengi wa Taita Taveta, hapo ni dukani mjini. Mtandaoni nenda kwa kile kisichopatikana karibu, na ulipe kikifika. Kama ni ua unaotaka, uliza majirani kabla ya kununua waya: Sagalla wapo wakulima walioning'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Na asali unauza.