Renga: Utungo wa Kupokezana wa Wajapani

Wapenzi wengi wa ushairi wanaifahamu haiku, utungo mfupi wa Kijapani wenye mizani 17 iliyogawanywa 5, 7 na 5. Lisilofahamika sana ni kwamba utungo huo ulianza ukiwa ubeti wa kwanza tu, uitwao hokku, wa mkufu mrefu wa beti ujulikanao kama renga. Mtunzi wa pili hujibu kwa mishororo miwili ya mizani 7. Wa tatu hurejea kwenye 5, 7 na 5. Na hivyo huendelea kupokezana. Mwaka 1488 Sōgi na wanafunzi wake wawili, Shōhaku na Sōchō, walitunga beti 100. Bashō (1644–1694) alipendelea mkufu wa beti 36.

Kanuni kuu ni kwamba kila ubeti uungane na ule unaoutangulia, lakini ujitenge na ule uliotangulia huo. Mfano ufuatao wa bustani alfajiri umetungwa kwa ajili ya maelezo tu, bila kuzingatia kanuni za misimu:

Kungali giza:
matone ya umande
kwenye majani.

Ufagio wasita;
ndege yu kwenye njia.

Barua yake
haikusema siku
ya kurejea.

Ubeti wa pili ukisomwa pamoja na wa kwanza, mfagiaji ni mtunza bustani anayemwonea huruma ndege. Ukisomwa pamoja na wa tatu, mfagiaji yuleyule anakuwa mtu anayemngojea mpenzi wake. Umande umekwisha kusahauliwa. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni jirani yake.

Hapa ndipo renga inapotofautiana na majibizano ya washairi wa Waswahili. Katika majibizano, anayejibu hufungwa na mada, na aghalabu na vina vya mwenziwe, naye husifiwa kwa kumshinda. Katika renga, mtunzi husifiwa kwa kupokea, kugeuza maana, kisha kumwachia mwingine nafasi ya kuigeuza tena.

Katika miaka ya 1890 Masaoka Shiki alishikilia kuwa hokku ni fasihi, bali mkufu wenyewe si fasihi. Ubeti wa kwanza ukasimama peke yake, ukaenea duniani kwa jina la haiku. Kwa hiyo anayeifundisha haiku hana budi kuwakumbusha wanafunzi wake kwamba ufupi wake haukuwa ukimya. Ulikuwa nafasi aliyoachiwa mwenzi ajibu.