Waingereza Walijificha, Wazalendo Waliitwa Hadharani

Nikifundisha Vita Kuu ya Pili hapa Munigi, karibu na Goma, wanafunzi husinzia mpaka nifike kwenye mahandaki ya Waingereza.

Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani, Waingereza waliona zamu yao imefika. Ofisa Colin Gubbins akapewa kazi ya kuunda vikundi vya siri vijijini. Wakachukuliwa wakulima na wawindaji, watu wanaojua kila kichochoro gizani. Wakachimbiwa mahandaki misituni, yakawekwa vitanda, baruti na chakula cha wiki mbili hivi. Wachache walitarajiwa kuishi zaidi ya hapo. Wake zao hawakuambiwa neno. Adui akishapita, wangetoka usiku nyuma yake kulipua reli na maghala. Adui hakuja, na mwaka 1944 vikundi vikavunjwa.

Hapo mkono hunyanyuka: "Mwalimu, si ndio Wazalendo hao?"

Anasema wapiganaji wa kujitolea wanaopambana na waasi wa M23 hapa mashariki mwa Kongo. Mimi huwaambia watazame kwanza chini ya miguu yao. Munigi imekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Kuchimba choo tu ni kazi ya nyundo na mtaimbo, na mtaa mzima unasikia. Nyumba zetu ni za mbao. Jirani akikohoa, unampa pole ukiwa kitandani. Handaki la siri ungelichimba wapi?

Na Wazalendo hawakufichwa. M23 ilipouteka mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, vita vilikuwa vimeshaingia ndani. Mwezi mmoja kabla, makundi yenye silaha, APCLS na Nyatura yakiwemo, yalikutana Pinga yakakubaliana kuacha kupigana yenyewe kwa yenyewe. Novemba, Rais Tshisekedi akawaita vijana hadharani wajipange kulinda mitaa yao. Sheria ya jeshi la akiba, ambamo wangeingizwa, ilitoka Mei 2023, ikakuta bunduki zimeshazagaa.

Kwangu, tofauti kubwa haiko kwenye siri. Mwingereza yule alijua anaamriwa na nani, na kazi ilipokwisha alipata barua ya kuachishwa, akarudi shambani. Vijana wetu wengi waliingia bila mshahara. Njaa ikibana, kamba inavutwa barabarani. Nimemwona msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, mwenye magunia ya makaa akisimamishwa kwenye barieri. Alihesabu franka zilizokunjamana mbele yao. Noti moja alikuwa ameshaichomeka chini ya kisigino, ndani ya kandambili. Vijana wale wale, risasi zilipolia, ndio waliokimbilia mbele, wengine wakiwa na panga tu. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi anayetaka nimchagulie moja simpi.

Januari 2025 mapigano yalifika hapa Munigi, na tarehe 27 M23 ikatangaza kwamba Goma iko mikononi mwake. Misako ikafuata. Kwa kuwa wapiganaji wengi hawakuwa na sare wala karatasi ya kuwatofautisha na raia, kijana yeyote aliweza kushukiwa, hata yule ambaye hajawahi kushika bunduki.

Ndiyo maana mtihani wangu hauulizi nani shujaa. Una maswali matatu: nani aliwaita, nani aliwalisha, na vita vikiisha nani atazipokea silaha? Kwa Waingereza, wanafunzi hujaza ukurasa. Kwa Wazalendo, wengi hujibu la kwanza tu.