Olkaria: Stima isiyongoja mawingu

Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 2000 hahitaji kuelezwa maana ya mgao wa umeme. Mvua zilikosa, mabwawa ya mto Tana yakapungua maji, na nchi iliyotegemea mito kwa sehemu kubwa ya stima yake ikawa inawashiwa na kuzimiwa kwa zamu. Wenye viwanda walihesabu hasara, na kinyozi wa mtaani akangoja zamu ya mtaa wake ifike. Wakati huohuo, katika vilima vya Olkaria kusini mwa ziwa Naivasha, mitambo mitatu ya kituo cha kwanza cha jotoardhi ilikuwa ikizunguka usiku na mchana bila kuuliza habari za mawingu. Kasoro ilikuwa moja: yote mitatu kwa pamoja ilitoa megawati 45 tu.

Mambo yamegeuka tangu wakati huo. Kwa miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya mvuke huo ni wa Olkaria. Anayetaka kuona taa za nyumbani kwake zinakotoka hana haja ya kwenda mpaka kwenye mabwawa ya Masinga au Turkwel. Afike Naivasha, ashike barabara ya Moi South Lake, kisha akate kushoto kuelekea lango la Elsa la mbuga ya Hell's Gate.

Wageni wengi huingia humo kwa baiskeli. Pundamilia na swala hula nyasi kando ya njia, na magenge mekundu yamesimama pande zote mbili. Ukizidi kusonga ndani unaanza kuona moshi mweupe nyuma ya vilima, na pua inapokea harufu ya mayai viza. Moshi huo ni mvuke, na harufu ni ya gesi yenye salfa inayopanda nao. Mbuga na mitambo ni majirani wa siku nyingi: mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981, na Hell's Gate ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984.

Kitu cha kutazama kwa makini ni mabomba. Yamevikwa bati juu ya kizuia joto, yanapanda vilima na kushuka makorongo, na kila baada ya umbali fulani yanajikunja ghafla kabla ya kuendelea na safari. Chuma kikipata joto hutanuka. Bomba lililonyooka moja kwa moja lingejipinda lenyewe na kupasuka. Mahali palipo na njia ya wanyama, mkunjo huo umeinuliwa juu mithili ya lango, na twiga hupita chini yake.

Ndani ya bomba ndimo ilimo siri yote. Kisima huchimbwa hadi kina cha kilomita mbili, hata tatu, kwenye mwamba wenye joto linaloweza kupita nyuzi 300. Maji yaliyonaswa huko hupanda kwa nguvu yakiwa yamechanganyika na mvuke. Juu, chombo maalumu huvitenga: mvuke huelekezwa kwenye turbini, na maji ya moto hurudishwa ardhini kupitia visima vingine. Kwa kuwa joto hilo halina kiangazi wala masika, Olkaria hubeba mzigo wa kila siku, na maji ya Tana yanaweza kuwekwa akiba kwa saa za jioni, kila nyumba inapowasha taa na jiko.

Stima hii haikuja kirahisi. Visima vya majaribio vya miaka ya 1950 havikuleta faida, na kazi ikalala hadi miaka ya 1970, Umoja wa Mataifa ulipotia mkono. Kituo cha kwanza kilikamilika mwaka 1985. Olkaria IV, yenye megawati 140, ilianza kazi mwaka 2014, na Olkaria V ikafuata mwaka 2019.

Upanuzi wa 2014 ndio uliogusa watu. Takriban familia 150 za Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Zilijengewa nyumba, shule na zahanati. Lakini mwaka huohuo wakazi walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wafadhili wa mradi: ardhi mpya ilikuwa na makorongo, na hati miliki zilikuwa zimechelewa. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia liliona, pamoja na mengine, kwamba wazee hawakushauriwa vya kutosha kwa lugha ya Maa. Upatanishi ulifuata, na makubaliano yakatiwa saini mwaka 2016.

Baada ya watu, jirani wa pili wa mitambo ni maji yenyewe. Moto peke yake hautoi umeme. Lazima uwe na maji ya kuchemsha. Wanajiolojia husema maji ya Olkaria kwa sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha kwenye kingo za Bonde la Ufa, upande wa Mau na upande wa Nyandarua, ikazama polepole kupitia nyufa za miamba. Uchimbaji wa visima nao hutumia maji ya ziwa Naivasha, yanayogombewa na wakulima wa maua, wavuvi na mji unaokua. Kwa hiyo stima hii haingoji wingu la leo, lakini inakula akiba ya mawingu ya zamani. Anayekata msitu wa Mau anaichota akiba hiyo bila kurudisha kitu.

Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mgao wa mrabaha wa jotoardhi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Tumezoea kuisifu Olkaria kwa megawati. Wakati umefika wa kuidai pia hesabu hii ya pili: asilimia tano ya jirani imefanya nini, na ya kaunti imepanda miti mingapi kule juu mvua inakonyesha.